Chumba cha Kuazima kwenye Seva ya Mikumi

Miwa ikishachomwa haina subira. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini nikiwasimulia habari hii huniuliza kwa nini tusingengoja tu mambo yatengemae. Shamba la miwa hutiwa moto kabla ya kukatwa, ili majani makavu yateketee, nyoka wakimbie na wakataji wapate pa kupita. Muwa wenyewe hauungui. Hubaki umesimama, mweusi, utamu ukiwa ndani yake. Lakini tangu moto ule unapozimika, utamu nao unaanza kuharibika. Ukikata upesi na lori likafika upesi, umevuna. Ukichelewa, unabaki na lundo la vijiti vinavyonuka pombe.

Mama mdogo alijua hayo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ni mdogo wake mama yangu, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Sisi ni watu wa Kilosa, wajukuu wa waliokuja kukata mkonge na kutandika reli, na baba yangu alifanya kazi kwenye njia ya reli iendayo Kidatu mpaka siku walipomwambia amepunguzwa. Mama mdogo yeye aliolewa Kidodi, na mwanamume wa ukoo wa wenyeji wa siku nyingi. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa miwa. Waling'oa visiki pamoja, wakapanda pamoja, na mume alipokufa ghafla shamba lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuwalipa fadhila.

Kwa desturi ya ukoo ule, ardhi ya mwanamume haiendi kwa mkewe. Inarudi kwa watoto wa dada yake. Kikao kilikaa baada ya arobaini, na kwa kuwa mama mdogo alikuwa ameishi nao vizuri, walimhurumia kwa namna yao. Walisema ardhi ni ya ukoo lakini miwa ni ya aliyeipanda. Maadamu mjane analihudumia shamba, na kila msimu miwa yake inapita kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, asiguswe. Msimu utakaomshinda, ardhi irudi kwa wenyewe. Mpwa mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye shamba lingemwangukia, aliinamisha kichwa akasema amekubali. Alikuwa na adabu sana, yule bwana. Nilimwogopa kwa ajili ya adabu hiyo.

Kwa hiyo kila msimu ulikuwa mtihani. Wenzake walikuwa wakivuna wapate cha kulipia ada na mabati. Yeye alikuwa akivuna ili asifukuzwe.

Mimi wakati huo nilikuwa Mikumi, kwenye ofisi iliyokuwa kando ya barabara kuu, nikifanya kazi ambayo hata nyumbani nilishindwa kuieleza. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kimekufa au kinauzwa, na kila aliyepunguzwa kazini alikuwa anafungua kitu. Bosi wetu alikuwa mtu mkubwa kwenye ushirika wa pamba. Ushirika ulipokufa na maghala yake ya Kilosa yakabaki ya popo, alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta. Tulianzia Kilosa, kwenye chumba kimoja cha ghala hilohilo, tukahamia Mikumi kwa sababu umeme wake ulikuwa na afadhali na simu zilikuwa zinashika.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na kompyuta moja kubwa, seva, iliyokaa kwenye chumba chenye feni mbili na jenereta nyuma ya ukuta. Wateja wetu, kuanzia nyumba za wageni za Mikumi, shule moja ya Kilosa na wakala wa mabasi hadi vyama vya wakulima wa miwa wa upande wa Kidodi, hawakuwa na uwezo wa kununua seva wala kumlipa fundi. Walikuwa na kompyuta ndogo na laini ya simu. Wakipiga simu, kompyuta zao zinaingia kwenye seva yetu na kufanya kazi humo. Bosi aliwaeleza kwa mfano ambao kila mtu aliuelewa: ni nyumba ya kupanga, yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Kila mpangaji ana ufunguo wake, haoni cha mwenzake, lakini paa ni moja na mwenye nyumba ni mmoja.

Hapo mwanzo, kumfungulia mpangaji mpya chumba ilikuwa kazi yangu ya kutwa nzima. Nilikuwa nikiweka programu, naunda mahali pa kuhifadhia kumbukumbu zake, natunga paswedi, napanga bekapu, zile nakala za akiba, na nikikosea hatua moja narudi mwanzo. Kisha bosi akamleta fundi kutoka Dar es Salaam, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, ambaye alipoiona kazi yangu alicheka mpaka nikakasirika. Aliandika mlolongo wa amri ambao seva iliufuata yenyewe. Mimi nilibaki kujaza jina la mteja na aina ya shughuli yake, nabonyeza, na kabla chai haijapoa chumba kiko tayari, kina kila kitu. Sitadanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kukosea.

Baada ya hapo akatengeneza mlolongo wa kuhama. Huo ulikuwa na hatua tatu, na yeye mwenyewe alizipa majina: kufungasha, kukabidhi, kufagia. Kufungasha kulitazama alama. Kila kumbukumbu iliyoandikwa chini ya jina la mpangaji ilikusanywa ikaingia kwenye sidii. Kukabidhi kulingoja mpangaji aseme amepokea. Kufagia hakukutazama alama yoyote. Kulisafisha chumba kizima pamoja na bekapu zake zote, kwa sababu diski ilikuwa ndogo na wateja wapya walikuwa wanasubiri.

"Dada, hapa mkono wa mtu hauingii tena," aliniambia. "Mkono ndio unaoleta noma."

Nilimwamini. Hata leo nikiitazama kazi yake kama kazi, sioni alipoteleza. Alikuwa ameifikiria nyumba yote, milango yake na kufuli zake. Asichokifikiria ni watu wanavyoishi ndani ya nyumba.

Kwetu hakuna chumba cha kupanga kisicho na mtu wa ziada. Ndugu anatoka Lumuma kuja kutibiwa, binamu anatoka Berega kutafuta kibarua, analala sakafuni juma la kwanza, mwezi wa kwanza, mwisho anakuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia shati. Mwenye nyumba haambiwi. Kumwendea mwenye nyumba na kusema nina mgeni ni kumwaibisha mgeni, ni kumtangaza kwamba amekuwa mzigo. Na mwenye nyumba muungwana, akikutana na sura mpya koridoni imeshika ndoo ya kuogea, anaitikia salamu na kupita. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na tunamaanisha. Sijawahi kuona ubaya wa desturi hiyo mpaka ilipoingia kwenye seva.

Vyama vya wakulima wa miwa vilikuwa vinazaana kila msimu wakati ule. Ilikuwa ruksa kuanzisha, na watu walikuwa wanaanzisha. Chama cha mama mdogo kilijitenga na chama kikubwa baada ya ugomvi wa zamu za kuvuna, na kikajikuta hakina cheti cha kuandikishwa. Kwetu bila cheti hupati chumba. Hiyo ilikuwa sheria ya bosi, aliyetoka nayo ushirika. Basi katibu wa chama jirani, mtu mwema ambaye sina neno naye baya isipokuwa hili moja, akawaambia wasihangaike. Njooni mkae humu kwetu. Akawapa paswedi yake. Wakaandika majina yao, namba za mashamba yao na zamu zao, chini ya jina la chama chao wenyewe, ndani ya chumba cha mwenzao. Mambo yakaenda. Karatasi za zamu zilitoka, vibali vya kuchoma vilitoka, malori yalikuja. Ofisini hakuna aliyejua, na sisi hatukuwa na desturi ya kuchungulia vyumba vya watu.

Mama mdogo alijua tu kwamba chama chake kiko kwenye kompyuta, na kwamba kompyuta hiyo iko kazini kwangu. Aliwaambia majirani asiwe na wasiwasi mtu, mwanangu yuko palepale. Sipendi kulikumbuka hilo.

Msimu uliofuata, chama cha katibu yule kiliungana na vyama vingine na kupata kompyuta zao wenyewe. Akaja Mikumi kuhama. Nakumbuka alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, alileta ndizi, tukampa chai. Fundi akauanzisha mlolongo. Sidii ikatoka, katibu akaishika kwa ncha za vidole.

"Vyetu vyote vimo humu?" akauliza.

"Vyenu vyote," fundi akajibu.

Katibu akakuna kidevu. Baadaye alituambia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipowakumbuka wageni wake, ila aliona haya kusema mbele ya wenye nyumba kwamba alikuwa amelaza watu bila ruhusa. Akajipa moyo kwamba akibeba mzigo wake wote, na wao wamo. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na swali moja tu, kama amepokea. Akabonyeza ndiyo, akamaliza chai yake, akatuaga kwa heshima zote.

Kibali cha mama mdogo cha kuchoma kilikuwa kimeshatoka kabla ya siku ile. Alikuwa nacho nyumbani, kimekunjwa ndani ya kanga. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu ya chama chake, na asubuhi iliyoandikwa alilitia shamba moto, majirani wakisimama pembeni na matawi mabichi kuulinda usivuke. Wakataji wakaingia, wakakata, wakapanga miwa kwenye malundo kando ya njia. Kisha wakakaa kungoja malori. Mwenye malori alikuwa akipokea orodha ya siku kutoka kwenye seva yetu, na kwenye orodha ya siku ile mama mdogo hakuwemo.

Alikuja ofisini siku ya pili yake, asubuhi. Alikuwa hajanawa vizuri. Masizi yalikuwa kwenye mikunjo ya shingo na kwenye kucha. Niliinuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Kuna nini?"

"Magari hayajaja. Wanasema orodha inatoka kwenu, nikaona badala ya kulalamika njiani nije niulize."

Alikaa kwenye benchi la wateja, kwenye ncha, kama hataki kulichafua. Fundi akaandika jina la chama chake. Akaliandika tena.

"Mama, chama hicho hakipo."

"Hakipo wapi?"

"Humu kwenye mashine. Sikioni. Hakijawahi kuwa mteja wetu."

Mama mdogo akanigeukia mimi, hakumjibu yeye. "Mwambie mwenzako kwamba mimi ni mwanachama. Kibali changu hiki hapa, kimetoka kwenu." Akakifungua kutoka kwenye kanga. Kilikuwa chetu kweli, muundo wa programu yetu, na juu yake kulikuwa na jina la chama ambacho seva ilikuwa inakikana. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wao walimzungumzia mtu aliyechelewa kikao. Huyu alikuwa amekaa mbele yetu.

Ilituchukua muda kuelewa. Bosi alimpigia katibu simu, na katibu, alipoulizwa mara ya tatu, akasema habari ya kuwakaribisha. Alipanda gari akaja na sidii yake. Fundi akaifungua, akaisoma yote. Wakulima wa katibu walikuwemo hadi wa mwisho. Wa chama cha mama mdogo hakuwemo hata mmoja, kwa sababu kufungasha kulitazama alama, na wao hawakuwa na alama ya mwenye chumba. Akazitafuta bekapu. Zilikuwa zimefagiwa, kama alivyoziamuru zifagiwe. Jasho lilimtoka mbele ya feni zote mbili. Kila hatua ya mlolongo wake ilikuwa imefanya kazi barabara, hakukuwa na hata moja ya kuilaumu, na nadhani hilo ndilo lililomtisha.

"Tuwafungulie chumba chao," bosi akasema. "Cheti watakileta baadaye."

Nilikaa nikajaza jina la chama, nikabonyeza. Kikafunguka haraka kama vilivyofunguka vingine vyote, kina programu, kina paswedi, kina bekapu ya kila jioni, na ndani hamna mtu. Namba za mashamba ilibidi zihakikiwe upya na wanachama wote wakutane wathibitishe zamu, kwa maana mizani ya kiwanda haipokei mzigo usio na namba. Hilo sililaumu. Bila hivyo kila mwizi wa miwa angekuwa mkulima. Na mwenye malori alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha ulizwa mengi siku hiyo, kwamba magari ya zamu ile yamekwenda kwa walioandikwa, na mengine ni mpaka juma lijalo.

Mama mdogo alisikiliza yote haya akiwa palepale kwenye benchi. Hakupandisha sauti. Bosi alipomaliza kueleza akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo nikawaambie wakataji waende?"

Niliondoka naye. Kwenye basi la kwenda Kidodi nilimsema fundi, nikamsema katibu, nikamsema bosi na cheti chake, na yeye alikuwa akitazama dirishani malori ya miwa ya watu wengine yakitupita. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, basi. Unanichosha." Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa.

Wenzake kwenye chama walikuwa hawajachoma. Walipata usumbufu, walikutana, wakathibitisha, wakavuna zamu zao baadaye. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ametangulia, na alitangulia kwa sababu miaka yote alikuwa akiomba zamu ya kwanza, asiache nafasi ya mtu kusema amechelewa. Malundo yake yalianza kunuka jua la kwanza tu. Nyuki wakaja, kisha nzi. Alijaribu kumwomba mtu wa trekta. Mtu wa trekta alikuja, akanusa, akasema mama hata tukifika hawatapokea. Tulikaa naye kizingitini siku hizo, watu wakipita wakitoa pole kama msibani, na yeye akijibu zimefika. Nilimwona akienda kwenye lundo, anavunja muwa, anaulamba, anautema. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka alipoacha.

Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kwa mpwa mkubwa, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Aliwaagiza watu soda. Alianza kwa kumpa mama mdogo pole, akasema amehuzunika, na mimi naamini alikuwa anasema kweli, maana mtu anaweza kuhuzunika na kufurahi kwa mdomo mmoja. Katibu alikuja kutoa ushahidi. Alisema waliwakaribisha kwa moyo mweupe. Nilimkatiza, nikamwuliza huo moyo mweupe ulishindwa nini kufungua mdomo siku ile ya kuhama. Wazee wakaniambia binti, subiri zamu yako.

Zamu yangu ilipofika nilieleza. Nilieleza seva, nikaeleza vyumba, nikaeleza kufungasha na kufagia, nikasema hili halikuwa shamba kumshinda mtu, lilikuwa kosa la mashine na la watu wa mashine. Walinisikiliza kwa makini. Sikuwahi kusikilizwa vile hata kazini. Nilipokoma, mjomba wa marehemu, mkubwa wao, akauliza kwa upole.

"Tumekuelewa, binti. Sasa hiyo miwa ilipita mizani au haikupita?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu mwenyewe.

"Haikupita," akasema.

Walimwachia nyumba, ile ya matofali ya kuchoma, kwa kuwa aliijenga na marehemu. Walimwachia na mgomba uani. Mashina ya miwa yalibaki ardhini, yangechipua yenyewe mvua zikija, na ardhi ilikuwa imerudi kwa wenyewe. Ile ndiyo siku niliyojua kwamba mtu anaweza kunyang'anywa kitu bila yeyote kumfanyia ubaya wa makusudi. Ingekuwa makusudi ningejua pa kupeleka hasira yangu.

Ofisini fundi aliongeza hatua kwenye mlolongo. Kabla ya kufagia, seva sasa iliuliza kama chumbani kuna kumbukumbu za mtu mwingine. Aliniita nione. Nilimwambia vizuri. Mteja wa kwanza kuhama baada ya hapo alikuwa wa nyumba ya wageni, na swali lilipotokea alijibu hapana hata kabla hajamaliza kulisoma. Nikamwambia fundi asimame, tukachungulia. Mlikuwa na kwaya nzima mle ndani, michango yao na ratiba yao ya kuimba, wamehifadhiwa na mhasibu kwa sababu ni mwenzao. Tukakagua na vyumba vingine. Shule ilikuwa imekaribisha timu ya mpira. Wakala wa mabasi alikuwa amekaribisha chama cha kuzikana. Karibu kila mlango ulikuwa na mgeni nyuma yake, na kila mpangaji tuliyemwuliza alituapia kwamba yuko peke yake. Fundi alikaa chini. Alisema kule kwao, kwenye chumba chake cha Dar es Salaam, walikuwa wanalala wanne, na mwenye nyumba aliandika mmoja. Alilijua jambo hilo maisha yake yote, na halikumjia kichwani alipokuwa akiandika amri zake. Mimi vilevile sikuwahi kulifikiria. Tuliendelea na kazi, kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja.

Nilimwomba mama mdogo aje tukae Mikumi. Alisema hawezi kuja kuwa mtu wa sakafuni kwenye chumba changu. Nilimwambia mimi si mtu baki. Alisema anajua.

Nilirudi Kidodi msimu uliofuata, mvua zilipopungua. Nyumbani hakuwepo, jirani akanionyesha kwa kidevu upande wa shamba. Miwa ilikuwa imechipua vizuri, imefika kiunoni, ile ile aliyoipanda yeye, na katikati ya mistari kulikuwa na wanawake watatu wenye majembe, vibarua wa mpwa mkubwa, wanapalilia. Mmoja wao alikuwa mama mdogo. Alikuwa ameinama na kanga kiunoni, analima mstari wake sawasawa na wenzake, bila haraka na bila kuzembea. Nilimwita. Nikavuka mfereji, nikaanza kuingia shambani nimsalimie, kama nilivyozoea tangu nikiwa mtoto.

Akainua mkono kunizuia.

"Simama hapohapo, mwanangu, nitakuja mimi," akasema. "Mwenyewe hajaniruhusu kuingiza mgeni."

Nikarudi ng'ambo ya mfereji, nikasimama njiani mpaka alipomaliza mstari.